Kamera za mtego na tabia za kulungu kwenye ardhi binafsi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye shamba au msitu anayetaka kujua kulungu wanafanya nini humo ndani, kwa kutumia kamera za mtego, yaani kamera zinazofungwa mahali na kujipiga zenyewe mnyama akipita. Mifano mingi inamhusu kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, kwa sababu amechunguzwa sana kwa kamera, lakini ufungaji, uhesabuji na utunzaji wa picha ni uleule kwa kulungu wa aina nyingine.

Nianze kununua kamera au kuchagua mahali?

Anza na swali. Liandike kwa sentensi moja kabla hujanunua chochote. "Majike hutoka msituni kwenda malishoni saa ngapi mwezi wa tisa?" ni swali linalojibika. "Nataka kuwajua kulungu wa hapa" halijibiki, na ndilo linalowafanya watu wafunge kamera kwenye miti iliyo rahisi kufikiwa na gari, kisha mwaka ukiisha wana maelfu ya picha zisizosema kitu.

Kamera hujibu swali la pale ilipofungwa tu. Iliyo kwenye mapito ya wanyama inakuonyesha kulungu wanaosafiri. Iliyo kwenye chumvi ya madini inakuonyesha wanaofuata chumvi, hasa majira ya kuchipua na kiangazi. Iliyo mbele ya mkwaruzo wa dume (mahali anapokwaruza ardhi kwa kwato na kuacha harufu yake) itakuonyesha madume, tena zaidi usiku. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuonyesha kundi zima.

Kamera inamtambuaje mnyama?

Kihisi chake hakioni mnyama. Kinapokea mionzi ya joto kutoka mbele yake, kikiwa kimeligawa eneo katika kanda, na kulinganisha kanda moja na nyingine. Kitu chenye joto tofauti na mandhari yake kikivuka kutoka kanda hadi kanda, kamera inaamka. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayowatatiza watu yanajieleza yenyewe.

Kulungu anayeijia kamera uso kwa uso havuki kanda upesi, kwa hiyo anagunduliwa akiwa ameshafika karibu mno. Anayekatiza mbele yake anagunduliwa mapema. Mchana wa joto kali, hewa na ardhi vikikaribia joto la manyoya ya mnyama, tofauti inapungua na kulungu anaweza kupita bila picha. Nyasi zilizopashwa na jua kisha zikapeperushwa na upepo zinaweza kuiamsha kamera siku nzima. Na kwa kuwa mionzi hiyo haipiti kioo cha kawaida, kamera iliyowekwa nyuma ya dirisha haitapiga chochote.

Nizingatie sifa gani ninaponunua?

Usivutwe na megapikseli. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepatikana kwa programu inayotia pikseli za kubuni kati ya zile halisi. Faili linakua, undani hauongezeki.

Angalia kwanza muda wa kuamka, yaani kutoka mnyama kutambuliwa hadi picha kupigwa. Kwenye mapito unahitaji chini ya nusu sekunde. Kwenye chumvi au chambo, sekunde nzima haina madhara kwa kuwa mnyama anasimama. Halafu angalia muda wa kujiandaa kwa picha inayofuata. Huu watu wengi hawauulizi, na ndio unaoharibu hesabu: jike akipita na ndama wawili nyuma yake, kamera inayochelewa itamnasa mama na kuwakosa ndama wote, na mwisho wa msimu utaamini kwamba uzazi ni mbaya. Tatu, pembe ya kihisi na pembe ya lenzi zilingane. Kihisi kikiwa kipana kuliko lenzi, utapata picha za mahali ambapo mnyama hajafika bado.

Kamera zote ziwe za aina moja na toleo moja. Ukichanganya, tofauti kati ya kona mbili za shamba inaweza kuwa tofauti ya kamera tu.

Mwanga wa usiku unawatisha kulungu?

Unategemea aina. Taa za infraredi za nanomita 850 hutoa wekundu hafifu unaoonekana ukiitazama kamera moja kwa moja, zinamulika mbali. Za nanomita 940 hazionekani kwa macho, lakini zinafika karibu zaidi na picha huwa na chengachenga. Flashi nyeupe hutoa rangi halisi, ila inamshtua mnyama. Hilo linajulikana tangu enzi za George Shiras III, aliyewapiga picha kulungu usiku huko Michigan kwa kamba ya kutegea na flashi, na picha zake zikachapishwa na National Geographic mwaka 1906.

Kwa uchunguzi wa tabia tumia 940 na kubali masafa mafupi. Hata hivyo kulungu wengine huitambua kamera kwa mlio mdogo wa kichujio kinachohama ndani au kwa harufu ya mikono yako. Utawaona wamenyoosha shingo, masikio mbele, wakiitazama lenzi. Picha hizo zitie alama ya peke yake na usizihesabu kama tabia ya kawaida.

Niifunge kwa urefu gani, na ielekee wapi?

Lenzi iwe kimo cha kifua cha kulungu, karibu sentimita 80 hadi 100 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, pima kimo hicho kutoka mahali mnyama atakapopita, kwa kuwa ardhi ya pale inaweza kuwa juu au chini kuliko shina la mti wako.

Kaa mita 4 hadi 6 kutoka kwenye mapito, na uigeuze kamera kwa takribani nyuzi 45 na njia. Ikiikabili njia kwa nyuzi 90, mnyama anayetembea haraka anavuka picha kabla kamera haijaamka. Ikitazama njia kwa urefu wake, kihisi kinachelewa kumtambua.

Ielekee kaskazini ikiwa uko kaskazini mwa ikweta, na kusini ikiwa uko upande wa pili. Jua likiingia kwenye lenzi asubuhi au jioni, linafuta picha za saa zilezile ambazo kulungu wanatembea zaidi.

Kata nyasi na vitawi mita 3 hadi 4 mbele ya kamera, ukianzia jirani kabisa na lenzi. Chagua mti usioyumba, wenye unene unaozidi sentimita 15. Mwembamba huyumba na upepo na kila myumbo ni picha tupu. Pasipo na mti, chimbia nguzo.

Nitajuaje kwamba imekaa sawasawa kabla sijaondoka?

Ipime kwa kutembea. Kamera nyingi zina hali ya majaribio ambapo taa ndogo huwaka kihisi kinapokugundua. Katiza mbele yake ukiwa umbali wa mita 5, kisha 10, kisha 15, na chomeka kijiti pale taa ilipowaka mara ya mwisho. Rudia ukiwa umechuchumaa, kwa sababu ndama ni mfupi. Mara nyingi mtu mzima anagunduliwa mita 15 na aliyechuchumaa anaponyoka mita 8. Hapo inamisha kamera kidogo kwa kuchomeka kijiti nyuma ya sehemu yake ya juu.

Kabla ya kuondoka piga picha moja ukiwa umeshika karatasi yenye namba ya kamera, jina la mahali na tarehe, na nyingine ya saa ya simu yako. Picha hizo mbili zitakuokoa baadaye.

Nipige picha au video?

Kwa kuhesabu, picha: tatu mfululizo kila kamera inapoamka. Ya kwanza humkosa ndama aliye nyuma, ya tatu humpata. Kwa tabia kama ugomvi, kunyonyesha au dume kusugua uso kwenye tawi, video ya sekunde 15 hadi 20 inasema zaidi, ila inakula betri, hasa usiku ambapo taa huwaka muda wote. Watu wenye kamera mbili mahali pamoja huiacha moja ipige picha na nyingine video, na huo ni mpango mzuri.

Muda wa kupumzika kati ya mapigo uwe mfupi uwezekanavyo kwenye mapito. Kwenye chambo weka dakika 5, vinginevyo dume mmoja aliyekaa nusu saa atajaza kadi. Uwanda mkubwa wa malisho hauwezi kufikiwa na kihisi. Hapo tumia hali ya kupiga kila baada ya dakika kadhaa, saa moja kabla na baada ya jua kuchomoza na kuzama.

Betri zipi?

Lithiamu za kutumia mara moja, volti 1.5, saizi AA. Zinashikilia volti karibu hadi mwisho na zinastahimili baridi kali. Za alkali hushuka volti polepole, na dalili yake ni hii: picha za mchana zinaendelea kuwa safi huku za usiku zikififia, kisha zinatoweka kabisa. Mtu akiangalia matokeo bila kujua, anaandika kwamba kulungu wameacha kutembea usiku. Za kuchaji huwa na volti 1.2, na kamera nyingine hudhani zimekwisha tangu siku ya kwanza.

Usichanganye mpya na kuukuu.

Na kadi ya memori?

Gigabaiti 32, daraja la 10, inatosha, na kamera za zamani nyingi haziwezi kusoma zaidi ya hapo. Kila kamera iwe na kadi mbili zenye namba yake: moja iko kazini, nyingine iko nyumbani ikinakiliwa. Zifomati ndani ya kamera yenyewe baada ya kunakili. Kadi iliyofomatiwa kwenye kompyuta au iliyotoka kwenye kamera ya aina nyingine ndiyo inayokupa ule mshangao wa kufungua mlango baada ya mwezi na kukuta picha sifuri.

Nahitaji kamera ngapi?

Kwa makadirio ya idadi kwa njia ya chambo, kipimo kilichozoeleka ni kamera moja kwa kila hekta 40. Shamba la hekta 400 linataka kumi. Ligawe katika viwanja vya ukubwa huo kwenye ramani, kisha tafuta mahali pazuri karibu na katikati ya kila kiwanja. Kwa swali la tabia mahali pamoja, kamera mbili au tatu zilizofungwa kwa uangalifu zinazidi kumi zilizotapanywa.

Shamba likiwa dogo, tuseme hekta 30, usiseme habari za "idadi ya kulungu wa shamba langu". Eneo analozunguka kulungu mmoja linaweza kuwa kubwa kuliko ardhi yako yote, hasa dume msimu wa kupandana. Unachokipata ni orodha ya wanaoitumia ardhi hiyo, na hilo nalo lina maana.

Niweke chambo?

Kwanza uliza sheria ya mahali ulipo. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza au kuwekea mipaka chambo kwa sababu ya ugonjwa sugu wa kudhoofika, uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Colorado. Unasababishwa na prioni, yaani protini zilizoharibika umbo, na prioni hukaa kwenye udongo kwa miaka mingi. Kuwakusanya kulungu ili wale kinywa kwa kinywa mahali pamoja ni kuurahisishia ugonjwa njia. Palipo na ugonjwa huo, tusingeweka chambo hata kama sheria ingeruhusu.

Pili, chambo hubadilisha tabia. Dume mkubwa humfukuza mdogo, jike mwenye ndama mchanga hubaki pembeni, na saa za kula zinahama. Kwa hiyo chambo kinafaa kuhesabia, hakifai kuchunguzia mwendo wa kawaida wa siku.

Idadi inakadiriwaje kwa njia ya chambo?

Njia hii imetumika tangu miaka ya 1990. Weka mahindi makavu mbele ya kila kamera siku 5 hadi 7 kabla ya kuiwasha, ili wanyama wapazoee. Kisha acha kamera zifanye kazi siku 10 hadi 14 bila chambo kukatika. Baada ya hapo hesabu kulungu waliomo katika kila picha (picha yenye majike watatu ni majike watatu), ukiwatenga madume, majike na ndama. Wasiojulikana jinsia waweke kando.

Sasa yatazame madume kwa pembe zao na utenganishe mmoja mmoja. Tuseme madume wametokea mara 240, na ukiwatofautisha ni 18. Gawa 18 kwa 240, unapata 0.075. Majike huwezi kuwatofautisha kwa sura, kwa hiyo unatumia kipimo hichohicho: wametokea mara 400, zidisha kwa 0.075, ni 30. Ndama mara 160, ni 12. Jumla 60. Kwa siku 14 huchukuliwa kwamba karibu asilimia 90 ya wanyama wamepigwa picha, hivyo unazidisha kwa 1.11 na kupata karibu 67. Kwa siku 10 kipimo ni 1.18. Kwenye hekta 400 hao ni kama kulungu 17 kwa kilometa ya mraba, madume 3 kwa majike 5, na ndama 4 kwa kila majike 10.

Udhaifu wake ni huu: hesabu inadhani dume, jike na ndama wanakuja mbele ya kamera kwa kiasi sawa, na si kweli kila wakati. Kwa hiyo zamani na sasa matumizi yake bora ni kulinganisha mwaka na mwaka kwa utaratibu uleule.

Je, kuna njia isiyohitaji chambo?

Ipo, ila inadai nidhamu zaidi. Mwaka 2008 Marcus Rowcliffe na wenzake walichapisha njia inayokadiria wingi wa wanyama bila kuwatambua mmoja mmoja. Inahitaji idadi ya wanyama waliogunduliwa kwa muda fulani, kasi ya wastani ya mnyama, na umbali na pembe ambavyo kihisi kinafanya kazi. Kamera zinafungwa mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu: hakuna kufuata mapito wala chumvi. Ukihamisha kamera mita 20 "ili ipate picha nzuri zaidi", umeshavunja msingi wa hesabu. Kasi ya mnyama ndiyo ngumu kuipata. Vijiti vyenye alama vilivyochomekwa mita 3, 6 na 9 mbele ya kamera husaidia kuipima kwenye video.

Msimu upi ni mzuri?

Kwa kuhesabu, mwisho wa kiangazi cha kaskazini, Agosti na Septemba: pembe zimeshakua kiasi cha kutofautisha madume, ndama waliozaliwa Mei na Juni wanafuatana na mama zao na bado wana madoa, na msimu wa kupandana haujaanza. Ukichelewa hadi Novemba, madume wanatangatanga na wageni wanaingia. Ukisubiri kati ya Desemba na Machi, pembe zinaanguka na hutamjua nani ni nani.

Kwa tabia, msimu unafuata swali. Makundi ya madume peke yao yanaonekana kiangazi na kuvunjika pembe zinapovuliwa ngozi yake laini, mwishoni mwa Agosti na Septemba. Mikwaruzo na misuguo ya miti ni ya vuli.

Tabia gani hasa zinaweza kusomwa kwenye picha?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani, mradi uwe umezifafanua kabla ya kuanza kutazama. Andika orodha fupi: anakula (kichwa chini ya mstari wa mgongo), yuko macho (kichwa juu, masikio mbele), anatembea, ananusa ardhi, anasugua uso tawini, anakojoa mkwaruzoni, anafukuza, ananyonyesha. Kila tabia iwe na maelezo ya kinachoonekana. "Anaonekana mwenye wasiwasi" si maelezo.

Mfano mzuri ni mkwaruzo. Dume hupekua majani yaliyokauka kwa kwato hadi udongo utokee, karibu kila mara chini ya tawi linaloning'inia kwenye kimo cha kichwa chake. Hulitafuna tawi hilo na kulisugua kwa paji la uso na kwa tezi zilizo mbele ya jicho, kisha hukunja miguu ya nyuma pamoja na kukojoa juu ya tezi zilizo upande wa ndani wa vifundo vya miguu hiyo. Kamera ikitazama udongo tu, inakosa kazi yote ya tawini. Rudi nyuma hadi mita 5 au 6, uhakikishe tawi na udongo vyote vimo kwenye picha, na upige video.

Wapatie watu wawili picha zilezile 100 waziweke kwenye makundi bila kuonana. Wakitofautiana sana kwenye tabia moja, ufafanuzi wake ni mbovu, urekebishe.

Nitamtambuaje dume mmoja, na umri wake?

Tazama idadi ya ncha kila upande, urefu wa ncha ya kwanza juu ya paji, upana wa pembe ukilinganisha na masikio (yakielekezwa mbele, ncha hadi ncha ya masikio ni karibu sentimita 40), na kasoro kama ncha iliyovunjika. Ndani ya msimu mmoja, pembe zilizokwisha kukomaa hazibadiliki isipokuwa kwa kuvunjika. Mwaka unaofuata ni pembe mpya kabisa. Umbo hufanana mara nyingi, lakini usiapie. Makovu na masikio yaliyochanika ni ushahidi wa kuaminika zaidi.

Umri kwa kutazama mwili una makosa mengi. Tumia makundi mapana: mwaka mmoja (miguu mirefu, shingo nyembamba, kiuno kimebonyea), miaka miwili, mitatu na kuendelea. Vuli shingo huvimba, kwa hiyo linganisha picha za mwezi mmoja.

Nina picha elfu ishirini. Nafanyaje?

Nakili kila kadi kwenye folda yenye jina la mahali na tarehe ya kutolewa, na usifute chochote hapo isipokuwa picha za watu. Pitisha picha kwenye MegaDetector, programu inayotenganisha zenye mnyama, mtu au gari na zilizo tupu. Hiyo peke yake hupunguza kazi sana. Kagua sampuli ya zile ilizoziita tupu, maana kulungu aliyelala au aliyejificha nusu nyuma ya mti huweza kupotea. Kisha tumia Timelapse, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Calgary, kuandika jinsia, idadi na tabia. Wanaojua R, lugha ya kompyuta ya takwimu, wana kifurushi cha camtrapR.

Picha za mfululizo si matukio tofauti. Kawaida iliyoenea ni kuhesabu tukio jipya baada ya dakika 30 kupita, isipokuwa mnyama anatambulika kuwa ni mwingine. Kisha gawa idadi ya matukio kwa usiku wa kazi, yaani idadi ya kamera mara siku zilizofanya kazi. Kamera 6 kwa siku 30 ni 180. Moja ilizimika siku 12, zinabaki 168. Matukio 42 kwa 168 ni 25 kwa kila usiku 100. Siku za kamera iliyozimika zisipotolewa, kila hesabu inayofuata ni ya uongo.

Saa ya kamera ilikuwa imekosea. Picha zimeharibika?

La, kama una ile picha ya saa ya simu. Tafuta tofauti na uiongeze au uitoe kwenye picha zote za kipindi hicho. Usizibadilishe kwa mkono moja moja. Tatizo la kawaida ni saa kurudi mwanzo betri zinapotolewa. Mahali panapobadilishwa saa kwa majira, acha kamera kwenye saa ya kawaida mwaka mzima.

Ukichambua mwendo wa siku, usitumie saa peke yake. Hesabu dakika kabla au baada ya jua kuchomoza na kuzama, kwa kuwa kulungu hufuata machweo na mapambazuko, nayo yanahama kila wiki.

Mbona napata mamia ya picha tupu?

Zifungue mfululizo na utazame nini kinatembea. Kama ni mchana tu na siku za upepo, ni majani au jua. Kama ni usiku na mchana sawasawa, mti unayumba au mkanda umelegea. Kama mnyama anaonekana ukingoni tu, kamera imechelewa: irudishe nyuma au punguza pembe yake na njia. Kupunguza wepesi wa kihisi kuwe hatua ya mwisho, na ukipunguza, punguza kwenye kamera zote.

Picha za usiku ni nyeupe upande mmoja na giza kwingine.

Kuna jani au nyasi karibu na lenzi. Linarudisha mwanga wa infraredi, kamera inadhani pana mwanga wa kutosha na kupunguza. Likate. Buibui akitanda utando mbele ya taa matokeo yanafanana, ila weupe unakuja kama nyuzi na unahama usiku kwa usiku.

Kulungu wametoweka kwenye picha. Wameondoka?

Usiseme hivyo bado. Kagua betri na saa, angalia kama nyasi zimeota mbele ya kihisi, kama mti umeanguka juu ya mapito, kama mwaloni wa upande wa pili umeanza kudondosha mbegu. Kulungu wakihama mita 60 kufuata mbegu hizo, kamera yako itaonyesha sifuri. Weka kamera ya pili mita 100 hadi 150 kutoka hapo kwa wiki mbili kabla ya kuandika neno "hawapo".

Niende mara ngapi kukagua?

Kila wiki 3 au 4, adhuhuri, upepo ukivuma kutoka mahali wanapolala kuja kwako. Vaa buti za mpira na glovu, usikojoe karibu, usiburuze matawi. Ukaguzi wa kila siku mbili unabadilisha kitu unachokichunguza. Kamera inayotuma picha kwa mtandao wa simu hupunguza safari, lakini mara nyingi hutuma picha ndogo. Zile kamili bado ziko kwenye kadi.

Kila safari futa lenzi kwa kitambaa kikavu, kagua mpira wa kuzuia maji, badilisha mfuko wa silika unaofyonza unyevu na utazame kama sisimizi wamehamia sehemu ya betri. Siku nyingine utakuta dubu ameitafuna. Boksi la chuma husaidia.

Watu wakipigwa picha je? Na sheria?

Usielekeze kamera kwenye nyumba ya jirani, mpaka au njia ya umma. Weka bango pale watu wanapoweza kuingia. Picha za watu zifute mara moja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria. Uwindaji nao una sheria zake: Arizona, kwa mfano, ilipiga marufuku kutumia kamera hizi kusaidia kuwinda kuanzia Januari 2022. Kama shamba ni la mtu mwingine, pata ruhusa ya maandishi inayotaja mahali, muda na nani ataona picha.

Nizuieje wizi?

Kebo ya chuma na boksi lenye kufuli humchelewesha mwizi tu. Kinachosaidia zaidi ni kuifunga mita 3 juu, ikiinamia chini. Ila kumbuka kwamba kwa urefu huo kihisi kinaona eneo dogo, na picha zake zisichanganywe na za kamera zilizo kimo cha kifua.

Naweza kulinganisha mwaka huu na uliopita?

Unaweza ikiwa ni kamera zilezile, miti ileile, urefu uleule, mipangilio ileile, tarehe zilezile na kiasi kilekile cha chambo. Pigilia msumari mdogo wa alumini pale mkanda ulipopita, rekodi GPS, na piga picha ya kile kamera inachokitazama ili mwaka kesho uipange sawa kwa kuzilinganisha. Kimoja kikibadilika, kiandike kwenye daftari siku hiyohiyo pamoja na sababu yake. Kamera ikifa katikati ya kipindi na ukaweka ya aina nyingine, ichukulie kuwa ni kituo kipya, hata kama imefungwa kwenye mti uleule.